Sahani Nyeupe ya Punta Ceniza

Wewe ulitazama pembeni. Usibishe. Siku ile maji ya ghuba yetu yalipogeuka rangi ya matofali, ulikuwa ukipita barabara kuu ya pwani ya Peru kuelekea mji wa Pisco. Ukaziba pua, ukapandisha kioo cha gari, ukamwambia wa kando yako, "Bahari inanuka leo." Basi. Jioni ukala kombe zako, nyama ya maganda ya bahari, kwa ndimu na pilipili, hukuuliza zimetoka wapi wala nani amebaki bila kitu. Na kama ulikuwa mtoto, umekaa kiti cha nyuma unachezea simu, nawe nakuhesabu. Mtoto naye ana macho.

Haikuwa mara ya kwanza. Maji mekundu yaliua kombe zetu wakati nyumba za Punta Ceniza bado zilikuwa za mikeka. Yakaua tena baada ya tetemeko kubwa, watu wakiwa hawajamaliza kuinua kuta. Kila mara walikuja wenye kamera, wakapiga picha za maganda yaliyooza, wakaondoka, na habari ikaisha kabla ya harufu. Nimechoka na kusahau huko. Kaa nikusimulie habari za Briseida.

Briseida Huasasquiche alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, alikula mkate wake na parachichi akiwa amesimama mlangoni, kisha akaichukua sahani msumarini na kushuka nayo gatini. Ilikuwa sahani ya bati, imepakwa rangi nyeupe, chini imefungwa kipande cha risasi ili izame, juu ina kamba yenye mafundo. Aliishusha majini taratibu, akiitazama inavyofifia, hadi alipoacha kuiona. Hapo aliishika kamba na kuangalia mafundo yaliyozama. Maji yakiwa mazuri, sahani hupotea mbali huko chini. Ikipotea kabla ya fundo la tatu, na maji yakiwa na wekundu, kuna hatari.

Baada ya kuangalia alipandisha bendera. Kijani ilimaanisha wapiga mbizi washuke wakavune. Nyekundu ilimaanisha kuwa leo hakuna kuvuna, wenye mashua wote waende pamoja kuvipandisha vizimba vya nyavu vyenye kombe changa, wavining'inize karibu na uso wa bahari penye hewa. Kama muda ungebaki, wangezoa na kombe kubwa zilizolala sakafuni na kuzihamishia ng'ambo ya rasi. Ilikuwa kazi ya wote, ya siku nzima, na haina malipo.

Sahani ililetwa na akina mama wa maabara ya bahari, baada ya vifo vya mara ya mwisho. Walimfundisha matumizi yake Olinda, shangazi yake Briseida, mwanamke aliyepiga mbizi miaka mingi kabla masikio hayajamkatalia. Lakini macho ya Olinda nayo yakaota nyama kwa sababu ya mchanga wa upepo, kama yalivyo macho ya wazee wengi wa hapa, na mkutano wa ghuba ukaamua sahani ichukuliwe na mpwa wake.

"Macho yako mapya," Olinda alimwambia. "Yatumie kabla paraca haijayaharibu."

Paraca ndio upepo wetu. Hutoka kusini, hubeba jangwa mgongoni, huingia kwenye wali na kwenye meno. Ukivuma, mashua hazitoki. Kwa hiyo watu wa Punta Ceniza huulaani unapovuma na kufurahi unapolala. Ukilala, wanaambiana wakitandua nyavu zao, "Haya, paraca imeifua bahari." Walirithi maneno hayo kwa baba zao, na hakuna aliyeyauliza.

Wiki chache kabla ya siku ninayoisimulia, Briseida aliiona sahani ikipotea kwenye fundo la pili. Akapandisha bendera nyekundu. Watu wakafanya kazi hadi viganja vikachubuka kwa kamba. Lori la barafu la wanunuzi likasubiri kidogo, likageuza, likaondoka tupu. Na jioni hiyohiyo paraca ikashuka, ikapiga mabati, ikaivuruga bahari usiku kucha. Asubuhi maji yalikuwa ya kijani, baridi, na hai. Hakuna kombe hata moja iliyokufa.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na halikuzaliwa na mtoto.

"Mtabiri wetu huyo anapita," alisema Mzee Eleuterio, mwenye mashua kubwa kuliko zote, akiwa ameketi mbele ya duka. "Binti, njoo. Wewe unayejua yajayo, nisaidie. Mvua itanyesha lini Punta Ceniza?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, kwa sababu hapa kwetu mvua tunaisikia redioni tu. Mzee Eleuterio akaongeza kuwa anataka kununua mwavuli mapema, kabla bei haijapanda.

Shuleni, mjukuu wake Jhordan alichora sahani yenye macho ubaoni. Chini yake akaandika: Mtakatifu Sahani, utuombee. Tangu siku hiyo jina likamganda. Hata watoto wadogo wa darasa la kwanza walipiga magoti akipita.

Lakini hayo yote Briseida angeyavumilia. Lililomkata maini ni la baba yake. Fortunato alikuwa mtu mpole. Shamba lake la bahari lilikuwa mbali kuliko yote, pale ghuba inapokuwa na kina, na kombe zake kubwa ndizo zilikuwa vuno pekee lililombakia. Zikiuzwa, angebaki nyumbani. Zikifa, angekwenda mashamba ya Ica kukata zabibu za watu, kama alivyokwenda zamani, akawa baba wa kuonekana siku za sikukuu. Briseida alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Usiku ule baada ya lori kuondoka, Fortunato alisema tu, bila hasira, "Umetupotezea siku, mwanangu."

Afadhali angempiga.

Halafu ikaja wiki ya paraca. Ilivuma kwa siku nyingi mfululizo, kali, mchanga ukajaa mpaka ndani ya birika. Asubuhi moja ikakatika ghafla, kama mtu aliyefunga mlango. Jua likatoka, kali kwa mwezi wa Machi, bahari ikalala kama mafuta kwenye sinia. Watu walitoka nje wakinyoosha migongo. Gatini mashine za hewa zilikuwa zimeshawashwa, mabomba ya wapiga mbizi yakikunjuliwa, na kila mtu alimwambia mwenzake kuwa paraca imeifua bahari.

Briseida akashuka na sahani yake. Maji yalikuwa kama chai ya rangi iliyokaa. Aliiachia sahani, ikazama kidogo, ikawa ya waridi, ikawa ya kahawia, ikapotea. Akatazama kamba. Fundo la kwanza lilikuwa bado halijaloa.

Akaivuta, akaishusha tena upande wa pili wa gati. Ikawa vilevile.

"Haya, Mtakatifu Sahani," Mzee Eleuterio alimwita kutoka kwenye mashua yake. "Leo tumekosa nini mbinguni? Usituletee msiba, lori limeshapita daraja."

Wapiga mbizi wakacheka. Fortunato alikuwa miongoni mwao, anakunja bomba lake la hewa. Hakucheka, lakini hakuinua kichwa pia. Briseida alisubiri amtazame. Hakumtazama.

"Yako sawa," Briseida akasema.

"Sawa vipi?"

"Fundo la tano."

"Tumepona leo," alisema Mzee Eleuterio. "Safisheni miwani, jamani. Mtoto amepata akili."

Briseida akapandisha bendera ya kijani. Haikupepea. Ilining'inia kwenye mlingoti kama tambara la jikoni, kwa kuwa hapakuwa na upepo hata wa kuinua unywele. Akakimbilia shuleni bila kutazama nyuma.

Asubuhi hiyo hakusikia alichofundishwa. Kutoka dirishani aliona ndege aina ya mwari wamekaa juu ya miamba, hawavui, wamekaa tu, na hewa juu ya maji ikicheza kwa joto. Wakati wa mapumziko Jhordan akaja na pipi, akampa moja.

"Shika. Leo umewaacha wazee wafanye kazi. Sikuiti tena lile jina."

Pipi ikakaa mdomoni kama jiwe. Kutukanwa kulikuwa kumemuuma, lakini kusifiwa kwa uongo kulimuuma zaidi. Akaitema kiganjani, akatoka langoni bila ruhusa, akaenda mpaka kwenye banda ambako wanawake hufungua kombe kwa visu. Shangazi Olinda alikuwa kwenye meza ya mwisho, amevaa aproni ya plastiki.

"Shangazi."

"Shule imeisha?"

"Shangazi, asubuhi haikuwa fundo la tano. Haikufika hata la kwanza."

Kisu kikasimama. Wanawake wa jirani wakageuka.

"Ulikosea kuangalia?"

"Sikukosea. Nilishusha mara mbili."

"Na maji?"

"Mekundu." Hapo machozi yakaanza.

Olinda akavua aproni. "Utalia baadaye," alisema. "Sasa tembea."

Wakaenda mlingotini. Briseida akashusha kijani kwa mikono yake, akapandisha nyekundu. Kule majini wapiga mbizi waliiona. Mzee Eleuterio aliinua mkono na kuupunga, kama mtu anayefukuza nzi, na mashua hazikusogea. Olinda akaokota nyundo, akaanza kuugonga mtungi mkuukuu wa hewa unaoning'inia hapo kama kengele. Aligonga bila kupumzika. Wanawake wakatoka bandani, watoto wakatoka shule, na mwishowe mashua, moja baada ya nyingine, zikaelekeza pua gatini.

"Nani amebadilisha bendera?" Fortunato akauliza.

"Mimi, baba. Asubuhi nilidanganya."

Kisha Mzee Eleuterio akapanda gatini, maji yakimdondoka.

"Subiri kwanza. Ulidanganya asubuhi, au unadanganya sasa? Maana sisi tunataka kujua tumwamini Briseida yupi."

Briseida akamnyooshea sahani. "Ishushe mwenyewe, mzee."

Hakuishusha kwa kamba. Alipiga magoti ukingoni, akaishika kwa mkono na kuizamisha. Maji yalipomfika kwenye kiwiko, hakuna aliyeiona sahani. Wala vidole vyake.

"Mama yangu," akasema taratibu, na hakutania tena siku hiyo.

Wakatoka wote. Wanaume walishuka, wanawake wakavuta kamba, watoto wa shule wakafunga maboya, Jhordan akiwa kati yao, midomo imemkauka. Vizimba vya kombe changa vilipanda kimoja kimoja, vizito, vikichuruzika maji yenye utelezi. Lakini asubuhi nzima ilikuwa imepotea. Jua lilipokaribia kuzama, Fortunato akaibuka kutoka kwenye shamba lake la mbali, akavua miwani, akaishikilia mashua kwa mikono miwili.

"Kule chini kumekuwa kweupe," alisema. "Kama maziwa. Maji yananuka mayai viza hata ndani ya miwani. Kombe zinapandana migongoni zikitafuta hewa."

Alitaka kurudi. Walimshika mabega wakamkatalia.

Kesho yake walipoamka, kaa walikuwa wametoka baharini wenyewe, wamejazana mchangani, wamepoteza hata woga wa watu. Pweza nao walilala ukingoni mwa maji wakihema. Na kombe kubwa, zote zilizokuwa sakafuni, zilikuwa zimeachama. Shamba la Fortunato lote. La Mzee Eleuterio pia, lile kubwa kuliko yote. Harufu ikapanda mpaka barabara kuu. Hiyo ndiyo uliyoizibia pua.

Mkutano ulifanyika bandani. Watu walisimama kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kukaa.

"Mwaka mzima umekwenda," alisema mmoja. "Kwa sababu ya mtoto mmoja."

Shangazi Olinda akaipiga meza kwa mpini wa kisu.

"Nimesikia. Sasa nisikilizeni nami, maana nyie mkiwa na uchungu mnatafuta mdogo wa kumkalia. Mnasema paraca huifua bahari. Paraca haifui. Paraca inalima. Inayasukuma maji ya juu kuelekea mbali, na ya chini yanapanda kuchukua nafasi yake, baridi, yamejaa mbolea. Hiyo mbolea hulisha vijimea, vidogo hata jicho halivioni. Upepo ukivuma, vinavyoshinda ni vile vyenye ganda kama kioo. Havijui kuogelea, vinataka kuvurugwa ili visizame. Hivyo ni chakula, kombe zetu zinanenepa navyo. Upepo ukilala na jua likachoma, vinazama. Wanapanda viumbe wengine wadogo, wale wenye mikia, wanaoogelea wenyewe. Hao ndio wekundu. Wanajazana, wanamaliza kila kitu, wanakufa, wanaanguka chini, wanaoza. Kuoza kunakula hewa. Kombe haina miguu, itakimbilia wapi?"

Akawatazama kwa macho yake yenye ukungu.

"Kwa hiyo siku ya kuogopa si siku ya paraca. Ni siku ile mnayoshangilia. Siku ile ya lori tupu Briseida alipopandisha nyekundu, hakukosea. Aliona wekundu uleule. Tofauti ni kwamba jioni upepo ulirudi, ukayavuruga maji na kuyatia hewa. Mliokolewa na upepo, halafu mkamcheka aliyewaonya. Mkamuuliza habari za mvua. Eleuterio, nilikusikia, nikacheka nami. Na yale matumbo ya kombe tunayoyamwaga chini ya banda hili kila siku, na lile bomba la kiwanda cha samaki linalotapika damu kwenye ghuba yetu, vyote vinaongeza uozo kulekule, na tangu enzi za mikeka tunajua na tunatazama pembeni."

Mzee Eleuterio alikuwa amevua kofia. "Olinda," alisema, "mimi ndiye niliyeanza. Kosa liandikeni kwangu."

"Halitaandikwa. Litakumbukwa." Kisha Olinda akamgeukia mpwa wake, na sauti haikulainika. "Na wewe usidhani nimekusafisha. Ulidanganya, na watu wamepoteza. Kuchekwa kunauma, najua, lakini hakuui, na uongo umeua. Nisikie vizuri. Kazi yako si kujua kesho itakuwaje. Kazi yako ni kusema unachokiona leo, kama kilivyo, hata wote wakucheke. Ukionya na baya lisije, hujadanganya. Ukiona baya ukanyamaza, hapo umedanganya hata kama limepita pembeni. Na kwa kuwa ulisema mchana, kombe changa zi hai. Tutaanza upya na hizo. Ungenyamaza mpaka jioni, tusingekuwa na pa kuanzia."

Mkutano ukaamua sahani isomwe na watu wawili kila asubuhi, mtoto na mtu mzima, na mafundo yatangazwe kwa sauti. Ukaamua matumbo yakafukiwe jangwani. Kuhusu bomba la kiwanda walichagua wajumbe. Wajumbe walikwenda, wakaambiwa wasubiri kwenye benchi, na bado wanarudi kusubiri.

Fortunato aliondoka kwenda Ica, kwenye zabibu. Asubuhi ya safari, bajaji ikiwa inamngoja juu barabarani, alishuka gatini na begi begani. Briseida alikuwa ameshaishusha sahani. Maji yalikuwa ya kijivu yenye wekundu, yamechoka.

"Siku ile ulinisubiri nikutazame," baba akasema. "Nilijua. Niliinamia bomba kwa sababu nilitaka kijani."

Briseida akaishika kamba, akayahesabu mafundo.

"Fundo la ngapi?"

"La pili, baba."

"Sema kwa sauti. Waamke."

Akasema kwa sauti, mpaka mbwa wakabweka na madirisha ya Punta Ceniza yakafunguka. Hakuna aliyecheka. Fortunato akamshika kichwa kidogo, akapanda barabarani, na Briseida akapandisha nyekundu.

Sasa wewe. Usiniambie imekusikitisha, sikuandika ili usikitike. Karibu na unapokaa kuna maji: ziwa, mto, bwawa, mfereji nyuma ya soko. Nenda leo, si wikendi. Tafuta kitu cheupe, kifunge kamba, kishushe pamoja na mtu mzima, na utazame kinapopotea. Kama maji yana rangi isiyo yake, kama yananuka, kama kuna bomba linalotapika, waambie darasa zima, waambie nyumbani, mwambie mwenyekiti wa mtaa mbele ya watu. Watakucheka. Sema tena. Na kama ni mwenzako aliyepandisha bendera nyekundu, usimuulize mvua itanyesha lini. Simama, shika kamba, vuta.